Kamikatsu: Mji Usio na Gari la Taka



Majuma machache yaliyopita niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu insha yenye kichwa "Usafi wa mazingira ni wajibu wa nani?" Nilitarajia hoja za kawaida: serikali, wazazi, shule. Nilipokaa usiku kusahihisha, nikakuta wazo moja likijirudia katika zaidi ya nusu ya madaftari, kwa maneno tofauti kidogo tu: Wajapani ni wasafi kwa asili, nasi Waafrika ni wachafu kwa asili. Mmoja aliandika kwamba damu yetu haina nidhamu. Sarufi yake ilikuwa safi kabisa, upatanisho haukukosewa hata mahali pamoja. Nikabaki na kalamu nyekundu mkononi nisijue pa kuiweka.

Chanzo nilikijua kesho yake. Wiki hiyo kulikuwa na siku ya usafi sokoni, na wanafunzi walikwenda kusaidia kufagia. Kiongozi mmoja aliyealikwa kuhutubia akasimulia habari za mji wa Japani ambao wakaazi wake hutenganisha taka katika mafungu 45. Akawaonyesha picha kwenye simu yake, kisha akawageukia mama wauza ndizi: "Nyinyi mnashindwa hata mafungu mawili?" Watu wakacheka kile kicheko cha mtu aliyeaibishwa mbele ya watoto wake. Nao watoto walikuwapo, wameshika mafagio.

Mji ule upo. Unaitwa Kamikatsu, na ni kweli kwamba mwaka 2016 mafungu yake yalifika 45. Ugomvi wangu na mheshimiwa yule ni kwamba aliianza hadithi mwishoni. Ukitaka kujua kwa nini watu wa Kamikatsu wanaosha chupa na kuzipanga kwa rangi, itakubidi uanzie kwenye milima yao, upitie mvua yao na baridi yao, uhesabu umri wao, ndipo uufikie ule mfuko wa taka. Ukiufikia kwa njia hiyo, hutaikuta damu wala asili. Utakuta watu wachache, wazee, wenye halmashauri isiyo na fedha nyingi, ambao walibanwa na mambo wakaamua jambo.

Basi fungua ramani nasi tuanze safari. Japani ina visiwa vinne vikubwa: Hokkaido, Honshu, Kyushu na Shikoku, na Shikoku ndicho kidogo kuliko vyote. Mashariki mwa Shikoku kuna mkoa wa Tokushima, wenye jiji la jina hilohilo pwani. Kutoka jijini unafuata bonde la mto Katsuura kuelekea kusini-magharibi, ukipanda, kwa muda wa saa moja hivi kwa gari. Kadiri unavyokwenda ndivyo bonde linavyobana, mashamba ya tambarare yanakwisha, na barabara inaanza kujikunja kando ya mto. Huko juu ndiko iliko Kamikatsu. Neno kami katika Kijapani humaanisha "juu", na mji wenyewe umekaa sehemu ya juu ya mto huo.

Neno "mji" lisikudanganye. Kisheria ni mji, ulioundwa mwaka 1955 kwa kuunganisha vijiji viwili, Takahoko na Fukuhara. Lakini ukiutazama kwa macho huoni mtaa mkuu wenye maduka pande mbili. Unaona vitongoji 55 vilivyotawanyika katika eneo la kilomita za mraba 109 na ushei, kimoja huku bondeni, kingine kule mgongoni mwa kilima, nyumba tatu hapa, nyumba nane pale. Vilivyo chini kabisa viko kiasi cha mita 100 juu ya usawa wa bahari. Vilivyo juu vinakaribia mita 700. Juu yao wote anasimama mlima Takamaru, wenye mita 1,439 hivi. Kutoka kitongoji hadi kitongoji unaweza kumwona jirani yako akianua nguo, na bado ukahitaji nusu saa kumfikia.

Karibu sehemu tisa za kumi za ardhi hiyo ni msitu. Usifikirie msitu wa asili wenye nyani na vipepeo. Sehemu yake kubwa ni mierezi ya Kijapani iliyopandwa kwa mistari na mikono ya watu baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati nchi ilipohitaji mbao za kujenga upya miji iliyoungua. Katika miaka ya 1960 Japani ilifungua milango kwa mbao za kutoka nje, zilizokuwa rahisi zaidi, na baadaye bei ya miti ya milimani ikaporomoka. Miti ikabaki imesimama, myeusi, imebanana, mingi yake haina anayeikata. Huo nao ni uamuzi wa kisiasa, ingawa mpita njia anaona miti tu.

Mahali penye nafasi, wahenga wao walichonga matuta. Katika kitongoji cha Kashihara mashamba ya mpunga yanashuka mlimani kama ngazi, na mwaka 1999 serikali iliyaingiza katika orodha ya mashamba 100 bora ya matuta nchini humo. Wewe uliyezaliwa Kabale au Kisoro ungeyaona ungedhani umefika nyumbani, isipokuwa kwamba kwenye tuta la juu kabisa ungemkuta mkulima mwenye umri wa babu yako, yuko peke yake.

Sasa hali ya hewa, na hapa naomba unisamehe nigeuke mwalimu wa msamiati kidogo. Tunapotafsiri majira manne ya Japani huwa tunaazima maneno ya pwani yetu: masika, kiangazi, vuli, kipupwe. Maneno hayo yalizaliwa na pepo za Bahari ya Hindi. Vuli, kwa mtu wa Mombasa au Tanga, ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Haina uhusiano wowote na majani kugeuka mekundu. Mimi huwaambia wanafunzi waseme "majira ya machipuko" na "majira ya majani kupukutika", hata kama ni marefu, kwa sababu picha inayoingia akilini ndiyo hiyo inayoonekana huko. Katika mji huu, kama utakavyoona punde, majani kupukutika si pambo la lugha. Ni biashara.

Juni na Julai ni miezi ya mvua ndefu. Agosti hadi Oktoba huja vimbunga kutoka Pasifiki, na milima ya mashariki mwa Shikoku huvikinga kwa kifua, kwa hiyo maji yote humwagwa hapo. Sehemu hiyo ni miongoni mwa zenye mvua nyingi kuliko zote Japani. Tarehe 1 Agosti 2004, katika milima ya eneo ambalo leo ni mji jirani wa Naka, ilipimwa mvua ya milimita 1,317 kwa siku moja. Ukumbuke kuwa wilaya nyingi za Uganda hupata kiasi kama hicho kwa mwaka mzima. Miteremko mikali pamoja na mvua kama hiyo maana yake ni maporomoko ya udongo, barabara kukatika, na kitongoji kuachwa kisiwani katikati ya nchi kavu. Wakati wa baridi theluji huanguka juu vilimani ilhali bondeni hainyeshi hata tone. Tofauti hiyo ya mita mia kadhaa kati ya kitongoji na kitongoji huwapa watu wa mahali pamoja hali za hewa kadhaa kwa siku moja.

Kwa miaka mingi uchumi wa Kamikatsu ulisimama juu ya miguu miwili: mbao na machenza. Mguu wa kwanza nimekwishaueleza ulivyovunjika. Wa pili ulivunjika kwa usiku chache tu. Februari 1981 ilishuka baridi isiyo ya kawaida, kipimajoto kikapita nyuzi 10 chini ya sifuri, na sakitu, yaani umande ulioganda ukawa barafu, ikaiua michenza karibu yote. Mchenza haupandwi leo ukavunwa kesho. Hebu fikiri ingekuwaje kwako kama migomba yote ya kata yenu ingekauka kati ya Jumatatu na Ijumaa.

Wakati huo alikuwapo pale kijana aitwaye Yokoishi Tomoji, mshauri wa kilimo katika chama cha ushirika, aliyefika mjini akiwa na miaka 20 tu. Alihangaika na mboga za baridi na uyoga, mambo yakaenda nusunusu. Mwaka 1986, akiwa katika mkahawa mmoja huko Osaka, aliona wateja wakishangilia jani jekundu lililowekwa pambo kwenye sahani, mmoja wao akalifunga katika leso aende nalo nyumbani. Wapishi wa Kijapani hupamba chakula kwa majani na maua ya msimu. Desturi hiyo ni ya zamani. Yokoishi akajiuliza nani huwauzia majani hayo. Kwao Kamikatsu yalikuwa yakioza chini.

Wazee wa mji walimcheka. Kuuza majani! Wanawake wachache walikubali kujaribu. Leo biashara hiyo, inayoitwa Irodori, hupeleka masokoni zaidi ya aina 300 za majani, vitawi na maua, na mauzo yake yamepita yeni milioni 200 kwa mwaka. Wengi wa wanaoyachuma ni wanawake wenye miaka 70 na zaidi. Maagizo yalianza kufika kwa faksi. Sasa bibi mwenye miwani anaamka asubuhi, anatazama kishikwambi chake, anaona soko la jiji linataka majani kiasi gani, anabonyeza kabla ya jirani yake hajabonyeza, kisha anatoka na mkasi.

Nimekaa hapa kwa makusudi, kwa sababu watu husimulia habari hii kama ngano ya bahati. Itazame kwa jicho la jiografia. Jani halina uzito, kwa hiyo mtu wa miaka 80 aweza kulibeba kwenye mteremko. Mji wenye vitongoji kuanzia mita 100 hadi 700 hupata majani ya msimu kwa muda mrefu, kwani yanayogeuka rangi juu leo yatageuka bondeni baadaye. Ile milima iliyoonekana laana kwa mkulima wa mpunga ikawa ghala kwa mchuma majani. Vilevile angalia lililotangulia: ilibidi kwanza michenza ife. Watu wa Kamikatsu hawakuamka siku moja wakiwa wabunifu. Waliishiwa.

Nije sasa kwenye watu wenyewe, sehemu ambayo mheshimiwa wetu wa sokoni hakuigusa kabisa. Mji ulipoundwa mwaka 1955 ulikuwa na watu zaidi ya 6,000. Sensa ya mwaka 2010 iliwakuta karibu 1,800. Ya mwaka 2020 iliwakuta karibu 1,400. Hakuna mji mwingine kisiwani Shikoku wenye watu wachache zaidi, ukiviacha kando vijiji. Zaidi ya nusu yao wametimiza miaka 65 au wameipita, ilhali kwa Japani nzima, nchi inayojulikana kwa uzee, watu wa umri huo hawafiki theluthi moja.

Hesabu mwenyewe: watu 1,400 katika kilomita za mraba 109 ni watu 13 hivi kwa kilomita moja ya mraba. Lakini hesabu hiyo, ambayo ndiyo tunayoifundisha katika jiografia na kuiuliza katika mitihani, haikuambii jambo la maana. Watu 13 wenye miaka 25 si sawa na watu 13 wenye miaka 78. Kwetu Uganda karibu nusu ya watu hawajatimiza miaka 18. Serikali inayohesabu vichwa bila kuuliza umri itajenga shule mahali panapohitaji zahanati, na zahanati ya wazee mahali panapolia vyumba vya madarasa.

Waliondokaje? Hapakuwa na vita wala njaa. Kamikatsu ina shule ya msingi na shule ya miaka mitatu inayofuata, ambako elimu ya lazima ya Japani inakwisha. Shule ya sekondari ya juu haipo. Kwa hiyo mtoto akitimiza miaka 15 hufunga mizigo au huanza safari ndefu za kila siku kwenda bondeni. Kutoka hapo ni chuo Osaka au Tokyo, kisha kazi, kisha ndoa, kisha nyumba. Wazazi hubaki na chumba chenye vitabu vya shule ambavyo hakuna anayevitoa vumbi. Naliandika hili nikijua kwamba wewe unayenisoma huenda unasoma bweni, na kwamba huenda umekwisha amua kuwa kijijini kwenu utarudi wakati wa sikukuu na mazishi. Sikulaumu. Mimi pia niliondoka, na diploma yangu ya ualimu niliipata mbali na mlima wa kwetu.

Kwa kuwa sasa unaijua milima, mvua, na umri wa watu, tunaweza kuufungua ule mfuko wa taka.

Hadi miaka ya 1990 watu wa Kamikatsu walifanya kama tufanyavyo wengi wetu: taka walizichoma. Palikuwa na shimo kubwa la wazi. Kila mtu alileta chake, magodoro, vyombo vya plastiki, hata mafriji mabovu, na moshi ukapanda. Ndiyo, Wajapani hao hao. Shimo lilipopigwa marufuku halmashauri ikanunua matanuru mawili madogo mwaka 1998. Muda si muda sheria mpya za kudhibiti dioksini, sumu itokanayo na kuchoma plastiki na takataka nyingine, zikafanya matanuru ya aina hiyo yasiruhusiwe. Kufikia mwaka 2001 yalikuwa yamefungwa. Tanuru la kisasa linalokidhi sheria lina bei ya miji mikubwa, na mji wa watu 2,000 wenye mapato ya wastaafu hauwezi kulinunua wala kulilisha.

Gari la kukusanya taka? Halijawahi kuwapo. Rudi kwenye ramani yako ukumbuke vile vitongoji 55, barabara nyembamba na nyumba tatutatu: gharama ya kulipitisha gari kila mlango ingeumeza mfuko wa halmashauri.

Njia iliyobaki ilikuwa kupunguza kinachohitaji kuchomwa. Kwanza walishughulikia mabaki ya jikoni, ambayo ni mazito na yenye maji. Halmashauri ilitoa ruzuku ili kila nyumba ipate chombo cha kutengenezea mboji, jambo linalowezekana pale ambapo karibu kila nyumba ina bustani. Kisha wakaanza kutafuta nani atanunua nini: kiwanda gani huchukua karatasi, kipi huchukua makopo ya chuma, kipi ya alumini, kipi chupa zisizo na rangi. Kila walipompata mnunuzi mpya fungu jipya lilizaliwa. Ndivyo mafungu yalivyotoka 9 mwaka 1997 hadi zaidi ya 30 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 45 mwaka 2016. Hayakubuniwa na mtu mwenye mapenzi ya ajabu na utaratibu. Ni orodha ya wanunuzi.

Wakaazi walinung'unika, na kwa haki. Mwambie mzee wa miaka 75 aoshe mfuko wa plastiki wa samaki, auanike kama nguo, aupeleke mwenyewe kituoni. Maofisa wakalazimika kuwafuata watu huko huko vitongojini, kuwaeleza, kutukanwa kidogo, na kueleza tena. Kwa wazee wasio na gari ukawekwa utaratibu wa kuwachukulia. Mwaka 2003 mji ukawa wa kwanza Japani kutangaza kuwa unakusudia kuacha kabisa kuchoma na kufukia taka kufikia mwaka 2020.

Lipo jambo moja katika kituo chao ambalo lau ningepewa nafasi pale sokoni ningelisema kwa sauti. Juu ya kila kasha pameandikwa kitu hiki kinapelekwa wapi, kinageuzwa kuwa nini, na halmashauri inalipwa kiasi gani au inalipa kiasi gani kwa kila kilo. Soma hilo tena, tafadhali. Mwananchi anayetumbukiza kopo anaona fedha ya mji wake ikiingia. Anayetumbukiza kioo kilichovunjika anaona ikitoka. Hapo ndipo nidhamu ninayoijua mimi inapozaliwa: mtu anapoonyeshwa hesabu. Mama muuza ndizi wa soko letu hulipa ushuru kila siku ya soko. Ni nani aliyewahi kumwonyesha kwa maandishi ushuru ule unakwenda wapi?

Ili nisije nikageuka mhubiri wa Kamikatsu kama yule wa sokoni, nikuambie pia walikoshindwa. Mwaka 2020 ulifika na lengo halikutimia. Wanafikia asilimia 80 hivi ya taka zinazorejelezwa, mahali ambapo wastani wa Japani ni kama asilimia 20, lakini ile sehemu ya tano iliyobaki imekataa: nepi, viatu vya mchanganyiko wa ngozi na mpira, vitu vilivyoundwa kiwandani kwa namna ambayo hakuna awezaye kuvitenganisha. Mji wa watu 1,400 hauwezi kukiamrisha kiwanda. Wakatoa tangazo jingine, lenye malengo ya kufikia mwaka 2030. Mwaka huohuo wa 2020 wakafungua kituo kipya ambacho ukikitazama kutoka angani kina umbo la alama ya kuuliza. Wageni huja kutoka pande zote za dunia kukipiga picha.

Na watu wameendelea kupungua. Wageni wengine hupenda mahali wakahamia, vijana kadhaa wamefungua vibanda vya kahawa na kiwanda kidogo cha bia, lakini kila sensa huleta namba ndogo kuliko iliyotangulia. Usafi haukuurudishia mji watoto wake. Nadhani ni vyema useme hivyo waziwazi, kwa sababu tumezoea kuambiwa kwamba mji ukiwa safi, maendeleo yatakuja yenyewe. Pale Kamikatsu chupa zimepangwa kwa rangi, na kengele ya shule inawalilia watoto wachache.

Unaweza kuniuliza: Mwalimu, sasa unatetea uchafu? La. Agosti 2024 jaa la Kiteezi, ambako taka za Kampala zilirundikwa kwa zaidi ya miaka 20, liliporomoka baada ya mvua na kuwafukia watu wakiwa majumbani. Waliokufa walizidi 30. Nilikuwa na mwanafunzi aliyefiwa na jamaa pale. Nikikumbuka hilo siwezi kusikia mtu akiwaambia watoto kwamba tatizo liko katika damu yao. Mlima ule wa taka ulikuwa na mahali, na wenye kuusimamia, na bajeti, na mvua inayojulikana miezi yake. Kila kimoja cha hivyo kinaweza kuulizwa swali. Damu haiulizwi swali. Ukishaitaja damu, mjadala umefungwa, na wenye dhamana wanakwenda kunywa chai.

Zile insha nilizirudisha bila alama. Badala ya kalamu nyekundu niliandika kwa ya buluu, chini ya kila moja, maswali yaleyale: Nyumbani kwenu ni mwinuko wa namna gani? Mvua hunyesha lini? Kitongoji chenu kina nyumba ngapi, na wangapi kati ya watu wake wana nguvu za kubeba mzigo? Taka zenu zinakwenda wapi, na nani analipa? Nikawapa juma moja.

Wengi waliandika kurasa mbili za kunipendeza mwalimu. Lakini msichana mmoja wa vilimani aliandika hivi, nami nimempa ruhusa ya kusahihisha kabla sijalichapa: kwamba kutoka kwao hadi kwenye jaa ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu; kwamba gari la halmashauri halijawahi kupanda kilima chao; kwamba maganda wanayapeleka mgombani na ni plastiki tu zinazobaki; kwamba plastiki hizo wanazichoma nyuma ya jiko na moshi unaingia chumbani kwa bibi yake, ambaye anakohoa. Mwisho akauliza, "Mwalimu, hilo gari tumwombe nani?"

Barua tunaiandika Ijumaa, darasa zima, kwenda kwa mwenyekiti wa kaunti ndogo. Tayari wamegombana kuhusu salamu, kama tuanze na "Mheshimiwa" au "Ndugu", na kuhusu aya ya pili, ambayo wavulana wawili wanataka iwe na ramani ya kilima kizima, nyumba kwa nyumba, pamoja na umri wa kila anayeishi humo.